Tunduma ya foleni imekwenda wapi?

Najua nimepotea. Sijadisko, msiwe na wasiwasi, nipo hapa Mlimani mzima wa afya, boom limeingia na limeshaisha, maisha yanaendelea. Ila juzi nimetoka semina pale Yombo nikiwa nimekasirika. Tulikuwa kwenye mada ya miji ya mipakani, na mwenzetu mmoja akasimama kupresenti, akasema Tunduma ni "mji mpya uliochipuka juzi juzi kwa sababu ya biashara". Watu wakaandika kwenye madaftari. Nikanyoosha mkono, muda ukawa umeisha, seminar leader akafunga mafaili yake akaondoka. Basi hasira zangu nazileta hapa, mnivumilie, leo ni ndefu.

Niseme ukweli kwanza. Kabla ya likizo ndefu ya 2025 hata mimi ningesema maneno yale yale. Tena ningeyasema kwa kujiamini, si ndiko nyumbani?

Nimezaliwa Tunduma mwaka 2003, nikakulia Majengo kwa bibi mzaa mama. Nikaondoka mwaka 2014 nikiwa darasa la tano, baba alipopata kazi Morogoro. Tangu hapo nilirudi mara moja tu, kwa msiba, siku tatu, sikuona kitu zaidi ya watu na maturubai. Kwa hiyo Tunduma niliyokuwa naitembeza kichwani miaka yote hii, niliyokuwa nawasimulia wenzangu bwenini, ilikuwa ile ya 2014, imesimama kama picha ya ukutani.

Na kwenye picha hiyo kitu kikubwa kuliko vyote ni foleni ya malori.

Wale wa Dar mnaposema foleni mnamaanisha Ubungo jioni. Foleni yetu ilikuwa inalala. Malori yalijipanga kandokando ya barabara kuu kutoka mpakani, yakapita mjini, siku mbaya yakafika mpaka Mpemba, na dereva alikuwa hajui atavuka kesho au wiki ijayo. Kulikuwa na makontena, matangi ya mafuta, trela za mbolea, na yale magari madogo ya Japani tunayoita IT, bado yana karatasi kwenye vioo, yanakwenda Zambia na Kongo. Madereva walifua nguo wakazianika kwenye vioo vya pembeni. Tandiboi walipika chini ya trela. Sisi watoto tulijua kupita chini ya semi-trela bila kuinama sana, jambo ambalo mama akilisikia leo anashika kifua.

Bibi alikuwa na mgahawa, kama unaweza kuuita mgahawa: mabenchi manne, bati juu, turubai pembeni, mita chache kutoka barabarani. Ugali, maharage, nyama ya kuchemsha, wali wa Kamsamba siku akiamua. Wateja wake wote walikuwa watu wa foleni. Alikuwa na daftari la mkopo lenye majina kama "Mkongo mrefu", "Baba Asha wa Tabata", "yule wa tangi jekundu". Dereva akila siku nne kwa mkopo alilipa siku anayorudi kutoka Lubumbashi, na walilipa kweli, kwa sababu walijua watarudi kukwama palepale. Ada yangu ya shule, sare, viatu, vyote vilitoka kwenye kukwama kwa watu wengine. Sikuwahi kulifikiria hivyo mpaka mwaka jana.

Mambo mengine ya utotoni nitayapitia haraka maana nikianza sitamaliza. Nakonde tulikuwa tunavuka kwenda kununua pipi na kurudi, hakuna aliyetuuliza pasi. Saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja, kwa hiyo unaondoka Tunduma saa mbili, unatembea dakika tano, unafika saa moja na dakika tano. Kwa mtoto hiyo ni miujiza. Halafu kwacha. Vijana wa kuchenji pesa walikaa na mabunda mapajani, noti za elfu hamsini hamsini, tukiamini Wazambia wote ni matajiri. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia ikakata sifuri tatu kwenye pesa yake, elfu hamsini ikawa hamsini. Anko wangu alijaribu kunieleza kwamba thamani ni ile ile. Sikumwelewa, nilijua tumefilisika.

Basi Agosti 2025 mama akanipigia simu. Kuna mfanyabiashara anataka kununua kiwanja cha bibi, chote, nyumba na sehemu ya mgahawa, ajenge stoo ya mizigo. Anko anataka kuuza. Mama hataki. Bibi hajasema kitu, na bibi asiposema kitu watu wote wanaogopa. Mama akasema: wewe ndiye unasoma historia, nenda kakae naye, ujue anataka nini. (Historia na kuuza viwanja vinahusiana vipi sijui, lakini nauli alinitumia.)

Safari siku hizi unaanzia Mbezi, Stendi ya Magufuli, sio Ubungo tena. Mikumi, Kitonga, Makambako, Uyole, nafsi inachoka. Ukishapita Mbalizi unaanza kunusa nyumbani. Pale Songwe kuna uwanja wa ndege unaoitwa Songwe, ulioanza kazi Desemba 2012, na uwanja huo uko mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe unaanza mbele. Na mito inayoitwa Songwe ipo miwili, mmoja unatupa maji Ziwa Rukwa, mwingine ndio mpaka wetu na Malawi na unaingia Ziwa Nyasa. Ukiwa mgeni utachanganyikiwa na hatutakusaidia.

Cheti changu cha kuzaliwa kinasema wilaya ya Mbozi, mkoa wa Mbeya. Mwaka 2012 ikazaliwa wilaya ya Momba, Tunduma ikiwa ndani yake. Mwanzoni mwa 2016 ukazaliwa mkoa wa Songwe, makao makuu Vwawa, na Tunduma yenyewe ina Halmashauri ya Mji. Bibi hajahama nyumba, amehamishwa mkoa na wilaya akiwa amekaa. Wenzetu wa Nakonde nao vilevile: walikuwa Mkoa wa Kaskazini wa Zambia, mwaka 2011 wakaingizwa Muchinga. Yaani pande zote mbili za mpaka zilibadilishwa anwani ndani ya miaka mitano, na kila nikijaza fomu naulizwa "mbona hapa umeandika Mbeya?"

Tukapita Mlowo, penye njia ya kwenda kwenye kimondo cha Mbozi. Tani zipatazo 16 za chuma kutoka angani, dunia ya nje ikakisikia mwaka 1930. Ni mgeni pekee aliyefika Songwe akakaa, hakuwa anasubiri kuvuka. Halafu Vwawa, halafu Mpemba, na hapo nikakaza macho dirishani kutafuta foleni yangu.

Haikuwepo.

Malori yalikuwepo, mengi kuliko zamani, lakini yalikuwa yanatembea. Mengine yameegeshwa kwenye maegesho yenye uzio. Na katikati ya maegesho na barabara kuna maghorofa, gesti zenye vioo vya bluu, vituo vya mafuta, maduka ya simu, bajaji kama siafu. Nilishuka nikaulizia Majengo, mimi mwenyeji, kijana wa bodaboda akaniuliza "Majengo ipi sista, ya juu au ya chini?" Nikajibu "ya kwa bibi yangu". Akacheka, akanitoza bei ya mgeni.

Takwimu zinasema hivi: sensa ya 2012 ilikuta watu wapatao 97,000 na ushee Tunduma, ya 2022 ikakuta zaidi ya 219,000. Wameongezeka zaidi ya mara mbili ndani ya miaka kumi, na mimi nilikosekana miaka minane kati ya hiyo. Mkoa mzima una watu 1,344,687, kwa hiyo karibu mtu mmoja kati ya kila sita wa Songwe yuko pale tulipokuwa tunaruka chini ya matrela.

Mgahawa wa bibi ulikuwa umefungwa. Mabenchi mawili yamebaki, moja limewekewa ndoo za maji. Jiko limejaa majani. Bibi mwenyewe amepungua mwili lakini mdomo uko vilevile. Nikamkumbatia nikaanza kulia, kwa kweli nililia, nikasema bibi, Tunduma yangu imekwisha. Akaniangalia kama mtu anayepima nyama sokoni.

"Unalilia malori? Mimi nililia treni. Na babu yako mpaka anakufa alikuwa analilia barabara ya vumbi. Kaa chini ule."

Hapo ndipo likizo yangu ilipobadilika. Nilikaa wiki tano. Asubuhi nilimsikiliza, usiku nikasoma madesa niliyobeba na vitabu kwenye simu, na kila alichosema kilikaa mahali pake.

Bibi ni Mndali wa Ileje. Alifika Tunduma mwaka 1973 akiwa binti, mimba ya kwanza tumboni, kumfuata babu aliyekuwa kibarua wa reli. Mwaka huohuo reli ya TAZARA ilifika mpakani na kuvuka kuingia Zambia. Ujenzi ulianza 1970, Wachina wakatoa mkopo usio na riba, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi. Bibi alianza kwa kuuza uji na vitumbua kambini. Wachina hawakununua, anasema, walilima mboga zao wenyewe na kupika wenyewe, lakini vibarua walinunua. Treni zilipoanza akahamia stesheni. Treni ya abiria ikichelewa, na ilichelewa, watu wanakaa na njaa. Huo ndio mtaji wake wa kwanza: abiria waliokwama.

Lakini kwa nini reli ipite pale? Hapa ndipo mpresenti wetu wa semina angeniita nimsaidie. Tarehe 11 Novemba 1965 Walowezi wa Rhodesia ya Kusini wakajitangazia uhuru wao wa upande mmoja. Zambia ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, sehemu kubwa ya shaba yake na mafuta yake inapita kwa hao hao Walowezi. Ikabidi igeuke kaskazini, na kaskazini mlango ni Tunduma. Mwaka 1966 mafuta yalikuwa yanakwenda Zambia kwenye mapipa juu ya malori, barabara ya udongo kutoka Dar, mvua, utelezi, milima, mpaka madereva wa Kizungu wakaiita njia ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kusukuma mafuta ghafi kwenda Ndola, kilometa zaidi ya 1,700. Wamarekani na Benki ya Dunia wakaweka pesa kwenye lami, Wachina kwenye reli. Vita baridi ikatujengea njia mbili zinazokwenda sambamba, na sisi tukauza chai kwenye zote.

Babu ndiye aliyekuwa mtu wa barabara ya vumbi. Kabla ya reli alikuwa utingo kwenye malori yale ya mapipa. Mvua ikinyesha gari linazama, mnakaa siku tatu kijijini, mnapewa viazi, mnafahamiana. Lami ilipofika akasema urafiki umekwisha, watu wanapita tu. Bibi anamcheka mpaka leo.

Nikataka kurudi nyuma zaidi. Mpaka wenyewe umetoka wapi? Wadau, ule mkataba wa Heligoland wa 1890 tuliokariri O-level, Mjerumani kapata kisiwa bahari ya Kaskazini, Mwingereza kapata Zanzibar, kengele ikalia, tukatoka kucheza... ndani yake kuna mlango wa nyumba yetu. Mkataba ule ndio uliochora mstari kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Na mstari ukapita pale kwa sababu ya barabara. Mfanyabiashara wa Scotland, James Stevenson, alitoa pesa mwaka 1881 ili itengenezwe njia kati ya maziwa hayo mawili, kwa ajili ya biashara na misheni. Sehemu kubwa haikukamilika, lakini Waingereza waliing'ang'ania ibaki upande wao, ikabaki. Wapima wakapita na bikoni zao mwaka 1898, makubaliano yakasainiwa 1901. Wanyamwanga wakajikuta wengine ni wa Mjerumani wengine wa Mwingereza, shamba huku, makaburi ya wazee kule.

Nikamweleza bibi habari hii kwa fahari kubwa. Akasema, "Kwa hiyo hata mpaka ulikuja kwa ajili ya barabara." Nikanyamaza. Nimesoma kurasa mia mbili, yeye kamaliza kwa sentensi moja akiwa anachambua maharage.

Vita Kuu ya Kwanza nayo ilipita mlangoni. Ng'ambo, si mbali na Nakonde ya leo, kulikuwa na kituo cha Waingereza kikiitwa Fife, na mapigano ya mpakani yalianza tangu 1914. Mwanzoni mwa Novemba 1918 Lettow-Vorbeck, akikimbizwa, alishuka kupitia nchi ya Mbozi, akakishambulia Fife, akashindwa kukichukua, akaendelea mpaka Kasama. Alijisalimisha Abercorn, leo Mbala, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Vitabu vinamsifia sana ujanja. Wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili, wakachukuliwa vyakula vyao na wakafa njiani kwa maelfu, hawana hata bango.

Nirudi kwa bibi maana ndiye mwenye habari. Miaka ya themanini mwanzoni, anasema, treni zinapita lakini dukani hakuna kitu. Sabuni hakuna, sukari hakuna. Ng'ambo ipo. Basi mji mzima ukajifunza kutembea usiku. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, ile ya wakati wa Sokoine, watu wakatupa sabuni chooni. Nikamuuliza na wewe ulitupa? Akasema "mimi nilifua." Nguo zote za nyumba, mara tatu, usiku mmoja, hadi mapazia. Sikuandika hilo kwenye kazi ya semina, naliandika hapa.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo ndiyo hasa niliyoikosa maisha yangu yote. Foleni yangu ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kufa kwa treni ya bibi. TAZARA ilijengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Rhodesia ikawa Zimbabwe mwaka 1980, njia za kusini zikafunguka tena, kisha Afrika Kusini ikabadilika, soko huria likaja, injini zikazeeka na vipuri vikawa tabu. Mwaka wa fedha 2014/15 reli ile haikubeba hata tani laki moja. Na mizigo haikupungua, ilizidi, maana migodi ya Katanga iliamka. Ikahamia kwenye malori. Malori yote hayo yakafika kwenye geti lililojengwa kwa ajili ya magari machache, karatasi zikikaguliwa Tunduma, halafu zikaguliwe upya Nakonde. Mwaka nilioondoka nikiitazama foleni kwa kioo cha nyuma cha basi nikiamini ndiyo Tunduma yenyewe, tangu enzi na enzi, ndio mwaka treni ya bibi ilikuwa hoi kuliko wakati wowote. Picha yangu ya ukutani ilikuwa ni ya ugonjwa, mimi nikaiwekea fremu.

Bibi yeye alihama mapema. Stesheni ilipopoa, miaka ya tisini, akabeba sufuria akaja barabarani. Alilia, anasema, siku mbili. Siku ya tatu akapika.

Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia wakazindua pale mpakani kituo cha huduma kwa pamoja. Kazi yake ni rahisi kueleza: lori linasimama mara moja tu, upande linakoingia, maofisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja. Ukitoka Tanzania unapita moja kwa moja, karatasi zako zinamalizwa Nakonde. Ukitoka Zambia zinamalizwa Tunduma. Ni jambo zuri, na dereva yeyote atakwambia. Lakini hesabu ya mgahawa ni hii: dereva mwenye mzigo wa Kongo, ambaye alilala siku nne mbele ya mabenchi ya bibi, sasa anapita akipiga honi. Anakula ng'ambo.

Ilirudi mara moja kwa nguvu, Mei 2020. Korona ilipozidi Nakonde, Zambia ikafunga mpaka kwa siku kadhaa, malori yakajaa tena. Bibi alipika lakini kwa hofu, sahani anaisukuma kwa fimbo (nadhani anatia chumvi). Kukafunguliwa, wakaondoka, na mgahawa haukupata tena siku kama zile. Foleni hutokea bado, msije mkasema nadanganya, mtandao ukisumbua au mizigo ikizidi utaona mstari mrefu. Lakini haipo kandokando ya nyumba yetu, na madereva wakiegesha huko nje wanakuta mama ntilie wengine, mabinti, wenye jokofu na malipo ya simu. Mwaka 2022 mgahawa ukafungwa.

Kuna kitu kimenikaa tangu hapo. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano kule Beijing ya kuifufua TAZARA, na Septemba 2025, nikiwa bado kwa bibi, ukasainiwa mkataba na kampuni ya Kichina ya CCECC, uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Tulisikia redioni tukiwa tunakunywa chai. Bomba la TAZAMA nalo tangu 2023 linasukuma dizeli, si mafuta ghafi, kwa hiyo yako matangi ambayo hayana haja ya kupita kwetu. Nikasema bibi, treni yako inarudi, malori yatapungua. Akasema wakirudi atakuwa amekufa, halafu akaniuliza kama stesheni bado ina ule mwembe. Tukaenda kwa bajaji kuangalia. Sikuambieni kama upo, huo ni wetu.

Sasa kiwanja. Anko alikuja Jumapili moja na yule mfanyabiashara, mtu mpole, ana heshima, alitoa bei ambayo mimi niliandika kwenye karatasi mara mbili kuhakikisha sifuri. Mama alikuwa kwenye simu kutoka Morogoro, spika imewekwa wazi juu ya stuli. Mama akasema hapo ndipo kumbukumbu zetu zote zipo. Anko akasema kumbukumbu hazilipi maji, na maji Tunduma kweli ni ya kununua, ndoo kwa ndoo. Wakanigeukia. Mimi mwanahistoria! Nilitaka kusema tusiuze. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini nikajiona nalinda mabenchi mawili na jiko lenye majani, vitu ambavyo mwenyewe alishaviacha bila kulia zaidi ya siku mbili. Nikasema sijui, tumuulize bibi.

Bibi akamuuliza mnunuzi swali moja: hiyo stoo, vibarua wa kupakua watakuwa wangapi? Akasema kumi na tano, wakati mwingine ishirini. Watakula wapi? Akasema hajafikiria.

Akauza nusu ya mbele, ile ya mgahawa. Nyumba akabaki nayo, na kipande cha ua chenye upana wa, nilipima kwa hatua, hatua tisa. Kwenye karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa alidai iandikwe kwamba geti la stoo litafunguka upande wa ua wake. Anko alisema hiyo si lugha ya mkataba. Ikaandikwa.

Mama hakuongea na anko wiki mbili. Sasa wanaongea.

Niliondoka mwishoni mwa Septemba. Basi linatoka alfajiri, bibi akanisindikiza mpaka mlangoni na tochi. Simu yangu usiku ilikuwa imeshika mtandao wa Zambia, ikajirudisha nyuma yenyewe, nikamwambia bibi bado mapema, saa kumi. Akasema ni saa kumi na moja, kimbia. Nilikimbia na begi mpaka stendi, basi lilikuwa limeshawasha injini. Kwenye begi nilikuta amenifungia maharage kilo mbili na lile daftari la mkopo. Nimelihesabu hapa bwenini. Baba Asha wa Tabata anadaiwa sahani sita, tangu 2018. Kama kuna anayemfahamu, amwambie bibi anapika tena.